Sauti ya Mfano

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na koo zito. Maji ya moto, chumvi, basi. Asubuhi nzima nilikuwa studio — yaani kile chumba cha nyuma ya duka la mapazia, kuta zimebandikwa magodoro ya zamani, joto la kuchemshia yai. Kobe ndiye aliyeniita. Kobe ni fundi wa studio. Jina alipewa kwa mwendo wake. Sijaona mtu mwingine anayehitaji kupumzika kati ya waya mmoja na mwingine. Lakini masikio anayo.

Wimbo ni wa Tausi. Mimi natoa sauti ya mfano. Naimba wimbo mzima kabla mwenyewe hajafika, ili akija avae hedifoni, anisikie, anifuate: hapa panda, hapa shuka, hapa vuta pumzi. Akishamaliza, mimi nafutwa. Ni kama chaki ya fundi cherehani kwenye kitambaa. Nguo ikishashonwa chaki inapanguswa, hakuna anayeiulizia. Sijawahi kulalamika. Uso wangu si wa kubandikwa kwenye mabango, na kioo ninacho.

Beti zilikuwa tayari. Kiitikio hakikuwa na maneno. Mtunzi anaumwa kichwa, eti. Kobe akasema niimbe chochote, hata majina ya mboga, mradi sauti ishike njia. Nikaimba mboga. Kabichi, karoti, bilinganya — tulicheka mpaka nikakohoa. Mara ya pili nilifumba macho, na yakatoka maneno mengine kabisa. Acha mlango wazi kidogo. Acha mlango wazi kidogo, nikuone ukipita.

Sikuyatafuta. Ni ya mwanangu. Alipokuwa mdogo halali mpaka ayaseme, tayari kajifunika shuka hadi puani. Aliendelea kuyasema mpaka siku alipoanza kuyaonea aibu. Siku hiyo siikumbuki. Nadhani nilikuwa naosha vyombo.

Kobe safari hii hakucheka. Alisema imeingia, nikachukua mkoba wangu nikaondoka.


Alhamisi, 6 Machi

Tausi kaja. Sitamsema vibaya — mtoto ana adabu, kasalimia hadi mfagizi, na beti kaziimba mpaka nywele zikanisimama. Ila kiitikio! Anakiimba vizuri mno. Anaomba mlango uachwe wazi kama anayetangaza sabuni.

Mtunzi kapona kichwa, kaja na viitikio vitatu. Kimoja kina moto, cha pili kina moyo, cha tatu kina vyote viwili. Vimejaribiwa, vimekufa kimoja baada ya kingine. Meneja wa Tausi akasema yaachwe yale ya mlango, watu watayashika upesi. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Nami sikusema. Nilikaa kwenye kochi la nje, magoti pamoja, kama aliyekuja kuomba kazi.

Baadaye Kobe aliniita nimsimamie Tausi, nimwonyeshe. Nikaimba taratibu, pembeni ya sikio lake. Akaniangalia sana. "Aunti, mbona unaimba kama unaogopa?"

Nimelifikiria swali hilo njia nzima. Mtoto kasema kweli.


Jumapili, 9 Machi

Jumapili ni siku ya kumpigia mwanangu. Kapokea wifi yangu. Akanipa habari za mguu wake, za mafundi wa bomba, za paka. Nikangoja. Mwishowe binti yangu kaja kwenye simu: yuko sawa, anasoma, chakula anakula, ndiyo Mama, haya Mama. Nyuma yake kelele za binamu zake. Mtu akamwita, akaenda.

Alihamia huko kwa shangazi yake kwa sababu ya shule. Ni karibu, kweli. Ilikuwa iwe siku za masomo tu, na mwisho wa wiki arudi kwangu. Kisha ikawa mwisho wa mwezi. Kisha likizo. Simlaumu. Huko kuna watu. Hapa kuna mimi. Baba yake alishakwenda kuanza maisha mengine mbali huko, na huyo wala simhesabu.

Chumbani kwake nimeweka meza ya kupigia pasi. Kwa muda tu.


Ijumaa, 14 Machi

Balaa! Kobe kafanya kosa la wanagenzi. Alimtumia meneja wimbo ausikilize, akasahau kuizima sauti ya mfano. Tausi na mimi tumeingia wote, na kwenye kiitikio, kwa kuwa alikuwa ameishusha sauti ya Tausi ili arekebishe kitu, nimebaki mimi karibu peke yangu. Meneja akausikiliza garini. Akapiga simu anapiga kelele kwa furaha: ndio huo, asiguse mtu, hata nukta.

Kobe alipogundua alijaribu kuniondoa. Wimbo ukafa. Akanirudisha. Ukafufuka. Basi akamweleza meneja ukweli, na meneja akasema Tausi asijue. Tausi mwenyewe kausikiliza na kusema, jamani, sauti yangu imekaa vizuri pale.

Kobe kaja hadi kwangu kuniomba. Kakaa ukingoni mwa kiti, chai hakuigusa. Ikijulikana Tausi atachekwa, na yeye Kobe hatapata kazi tena kwa mtu yeyote. Ana mke, ana mzigo wake. Nilimpa neno langu. Nilimpa upesi mno hata yeye akashangaa.

Ukweli ni kwamba nilifurahi. Kwa mara ya kwanza sikufutwa. Nilitaka kumwambia mtu. Nikapitia majina kwenye simu, juu hadi chini, nikaiweka.


Ijumaa, 4 Aprili

Umetoka leo. Jina lake "Mlango". Nimeusikiliza jikoni, maharage yakiwa motoni. Niliposikia kiitikio nilizima simu. Kisha nikawasha. Kisha maharage yakaungua.


Jumamosi, 12 Aprili

Umeshika! Kinyozi anaupiga. Wanaoosha magari wanaupiga. Kwenye duka la dawa mhudumu alikuwa anauimba huku ananihesabia vidonge vya koo. Nikamtazama. Akaniuliza kama nataka kitu kingine.

Mama Pacha, jirani wa juu, ameuweka tangu alfajiri. Nilikuwa naanika nguo, nami nikawa naufuata kimoyomoyo, ukanitoka. Mama Pacha kachungulia dirishani. "Jirani, hebu tuachie mwenyewe aimbe, utatuharibia wimbo!"

Nilicheka kweli. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye ngazi na beseni mapajani. Ningekuwa na mtu wa kumsimulia ndani, ingekuwa nzuri zaidi. Nilipoingia ndani nilimsimulia birika.


Jumanne, 22 Aprili

Naisikia sauti yangu kupitia dari. Nimekaa na kikombe kimoja na sahani moja, na huko juu nabembeleza watu nisiowajua. Wanaimba pamoja nami, pacha wote wawili na mama yao. Hapa chini hapana kitu.

Hapo mwanzo niliona ni kichekesho. Sasa imeanza kuniuma.


Jumapili, 27 Aprili

Leo nilijitega. Nilipompigia mwanangu niliuacha wimbo ukiimba hapo mezani, kwa sauti ndogo. Kisebusebu na kiroho papo — sitaki kumwambia, lakini nataka ajue. Akasema, "Mama, hata wewe unaupenda huo wimbo?" Nikasema siuchukii. Akasema wao huko wanaucheza kila saa, shangazi kachoka. Nikangoja. Akaniuliza kama nimeona kofia yake ya zamani.

Nilimwahidi Kobe kwamba sitasema. Sikumwahidi kwamba mwanangu hatatambua. Huyu nilimwimbia kabla hajajua kwamba sauti na mtu ni vitu viwili. Asipoitambua yeye, basi aitambue nani? Nikimwambia mwenyewe itakuwa nimeomba. Sitaki kuomba. Nataka siku moja anyanyue kichwa tu aseme, huyu ni mama.

Nimeandika hivi nikaona aibu. Lakini ndivyo ilivyo.


Alhamisi, 8 Mei

Tausi alikuwa redioni. Mtangazaji kamuuliza maneno ya mlango aliyatoa wapi. Akasema kuna mtu aliyempenda, aliyekuwa akisafiri alfajiri. Kasimulia vizuri, hata mvua kaweka. Nadhani sasa anaamini mwenyewe. Simkasirikii. Wameambiana uongo watu wazima, yeye kaukuta umeshapikwa.

Asiyekuwepo na lake halipo. Bibi yangu alikuwa akisema hivyo alipogawa nyama. Niliyaona maneno ya bibi tu, kumbe bibi alikuwa ananiambia mimi.


Jumatano, 28 Mei

Mwanangu kanipigia! Jumatano! Yeye mwenyewe! Nilikuwa na sabuni mikononi, simu ikaniteleza, nikaidaka kwa kiwiko. Akasema, "Mama, nataka kukuuliza kuhusu ule wimbo."

Nikavuta kiti. Nikasema, uliza mwanangu.

Anataka tiketi. Tausi ana onyesho mwezi ujao, ukumbini, mchana, na binamu zake wamemwambia mama yako si anafanya kazi na hao watu wa studio. Akasema kama haiwezekani si neno. Nikasema inawezekana. Akafurahi, akasema asante mara nyingi, akakata.

Nilibaki na simu. Povu lilikuwa limekauka mikononi.


Ijumaa, 6 Juni

Kobe kapata tiketi mbili na ruhusa ya kuingia nyuma ya jukwaa. Nilimwomba kwa mara ya kwanza tangu tujuane, na akakimbia. Kobe, kukimbia! Anajiona ana deni kwangu. Akanieleza kwamba kiitikio jukwaani kitatoka kwenye mashine, Tausi atafungua mdomo na watu wataimba. Kwa hiyo nitakuwepo ukumbini mara mbili, nimemwambia. Hakujua kama acheke.

Wifi atakuwa safarini siku hizo. Binti atalala kwangu, usiku mmoja. Nimeitoa meza ya pasi chumbani kwake. Nimefua mapazia. Nimenunua mswaki mpya, halafu nikaona atakuja na wake, halafu nikauweka hivyo hivyo.


Jumamosi, 21 Juni

Yupo. Amelala. Siwezi kuandika leo.


Jumapili, 22 Juni

Mapema. Ameamka, yuko bafuni, nami niko mezani na chai. Niandike ya jana kabla hayajapoa.

Amekuwa mrefu. Nilijua, lakini kwenye simu urefu hausikiki. Alinikumbatia kwenye geti la ukumbi, na kidevu changu kikafika begani kwake. Kiatu chake kilikuwa kinambana, nikamwambia alegeze kamba, akalegeza. Hicho tu, nami nilikuwa nimeshashiba.

Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Tausi kapendeza. Beti kaimba mwenyewe, na kwa haki. Kikafika kiitikio — na mimi hapo, kwenye maspika makubwa kuliko kabati, natoka kila upande. Watu wote wakaimba. Sikuweza kufungua mdomo. Mwanangu kanishika mkono, akaimba akiutikisa mkono wangu kwa mdundo. Alidhani siyajui maneno. Alinigeuzia uso ili nisome midomo yake.

Halafu tukaenda nyuma ya jukwaa. Ujia mwembamba, masanduku ya vyombo, Kobe anakunja waya. Tausi alitoka na taulo shingoni, akaniita Aunti, akanibusu. Nikamtambulisha binti yangu. Nilidhani atataka picha tu. Hakutoa hata simu.

"Hayo maneno ya mlango," binti akamwambia Tausi, "nilikuwa namwambia mama nikiwa mdogo. Kila nikienda kulala. Nilidhani ni mimi tu nasema hivyo."

Kumbe anakumbuka. Anakumbuka! Niliegemea sanduku.

Tausi akacheka, akasema basi tuko wengi. Lakini mwanangu hakucheka. Akaendelea, chini chini, kama mtu aliyejiandaa siku nyingi. Akasema huko anakokaa ni kuzuri, watu wanampenda, lakini kulala kunamshinda. Anauweka huo wimbo masikioni. "Sehemu ile, sauti yako inabadilika. Inakuwa kama kuna mtu nyumbani ananisubiri."

Tausi macho yalimjaa machozi. Akamkumbatia, akamshika sana, na mwanangu akaweka kichwa kwenye bega lake. Nilikuwa hatua moja tu kutoka kwao, nimebeba mikoba miwili, wangu na wa binti. Meneja alikuwa anasoma simu yake kwa bidii. Kobe alikuwa ameacha kukunja waya.

Kisha binti akanigeukia. "Si kweli, Mama? Si nilikuwa nasema hivyo?"

Nikasema kweli. Ulikuwa unasema.

Ndilo nililoweza. Kobe alinitazama na uso umemsinyaa, hapana shaka alidhani nitasema yote, na nadhani kama ningesema asingenizuia. Lakini ningeanzaje? Mbele ya watu, na mtoto wa watu ana machozi ya kweli, nimwambie binti yangu kwamba anayemsubiri nyumbani ni mimi? Hilo si la kuambiwa kwenye ujia. Hilo nilidhani analijua.

Njiani hakusema mengi. Alisema Tausi ananukia vizuri. Alisema ni mtu wa kweli, siyo kama wengine. Nikaitikia. Nilimwonea wivu mtoto wa watu kwa sauti yangu mwenyewe. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kufikwa na upuuzi wa namna hii.

Nyumbani akala, akasifu mapazia, akaingia chumbani kwake. Nikasikia anacheka na binamu zake kwenye simu. Nililala kwa furaha na kwa hasira, vyote pamoja, nikajigeuza usiku kucha.

Saa sita mchana wifi anarudi, na binti anakwenda. Amesema atakuja tena, labda likizo. Labda.

Nimefikiria nimwambie kwenye chai. Nimefikiria nisimwambie kamwe. Neno nililompa Kobe ni neno. Lakini si neno tu, nisijidanganye. Naogopa nimwambie aseme, aa, kumbe ni wewe. Kwa sauti ile ya kusikitika. Kwamba alikuwa na mtu anayemsubiri, na sasa ana mama tu.

Anaimba bafuni. Maji yanamwagika, naye anaimba kwa nguvu. Ubeti wa kwanza wote. Sauti yake si haba, kaitoa upande wetu. Anakifikia kiitikio — anaingia mapema. Kila mtu anaingia mapema hapo, Tausi mwenyewe alikuwa anaingia mapema. Anarudia. Mapema tena. Pale lazima usubiri, pumzi moja, kisha —

Nimemwimbia. Hapa hapa mezani, bila kufikiri, kama ninavyofanya siku zote mtu akikosea, pumzi moja kisha mstari mzima hadi mwisho. Ni kazi tu. Mdomo umekwenda wenyewe.

Maji yamefungwa.

Hata Mama Pacha huko juu leo hajawasha redio.

"Mama?"

Nimeitika.

"Hebu imba tena hapo."

Anangoja. Hajafungua maji. Nimeshika kalamu, naandika kwanza